Malisho Niliyosema Yachomwe

Niliondoka Kasoli kwa sababu ya maksai wanane wa kijiji, na kwa sababu ya kosa langu mwenyewe.

Ulikuwa mwaka wa pili tangu tuhamie katika kijiji cha ujamaa. Maksai hao ndio waliovuta plau kwenye shamba letu la bega kwa bega, na sasa walikuwa mbavu tupu. Mwishoni mwa kiangazi tulichoma nyasi zote za malisho ili mvua ya kwanza ioteshe majani mabichi, kama walivyofanya baba zetu. Wachache walisita. Mimi, katekista wao, nilisimama nikasema, "Chomeni. Mvua ya mwezi wa kumi na moja haijawahi kutupita." Ilinyesha mara moja tu. Majani yakachungulia, kisha jua likayamaliza. Upepo ukaleta majivu mpaka ndani ya kanisa.

Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi, mwenyekiti wa kijiji alinishikia baiskeli. Nilikuwa naenda Migato kwa Masanja, kaka wa marehemu mke wangu, ambaye tulisikia kuwa kwao nyasi bado zipo.

"Katekista, ukirudi mikono mitupu, maksai hawa hawafiki Krismasi," alisema. "Na jembe la mkono halitoshi shamba lile."

Saa tano nilikuwa Bariadi, miba ya migunga imekwisha kutoboa gurudumu. Mwenye duka mmoja, Mwislamu, aliniazima pampu na kunipa chai.

"Sisi tumeswali kuomba mvua," alisema. "Nyinyi je?"

"Kila asubuhi."

"Basi Mungu tunamgongea milango yote miwili, mzee wangu."

Tulicheka, nikaendelea na safari nikiwa na nguvu.

Baada ya Bariadi niliitazama ardhi kwa makini. Palipokatwa miti ya kujengea nyumba mpya, udongo mweusi wa mbugani ulikuwa umepasuka, mguu unaweza kuzama. Palipobaki migunga, nyasi za manjano zilisimama kivulini. Njia ni moja na jua ni lile lile, lakini nyasi hazikuwa sawa.

Jioni nilifika Migato. "Mwadila, shemeji!" alinisalimu Mbuke, mke wa Masanja, akaniwekea michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na maziwa ya mgando. Nilipoeleza shida yangu, alishika kiuno. "Yaani umechoma chakula cha ng'ombe, ukakaa kumngoja Mungu apike kingine?"

"Mwache ale kwanza," Masanja alimwambia.

"Ale tu. Chetu hatujakichoma."

Jumanne asubuhi Masanja alinipeleka kwenye ngitili yao, yaani malisho yanayofungwa tangu masika yanapokwisha, yasiguswe mpaka wazee wayafungue kipande kwa kipande. Nyasi kavu zilinifika kiunoni. Masanja alichimba kwa kisu, akanipa udongo mkononi. Ulikuwa na ubaridi.

"Zamani na sisi tulichoma," alisema. "Lakini mvua siku hizi inapiga hodi na kuondoka. Jani linaloota kwenye majivu halina cha kulikinga. Hapa nyasi ya zamani inalinda udongo, na mzizi unasubiri."

Mchana wazee watano walikaa kunisikiliza. Mmoja aliuliza, "Nani aliwaambia mchome?"

Ningeweza kusema kijiji. Nilisema, "Mimi."

Yule aliyeuliza alitikisa kichwa. "Basi wewe ndiye utakayewachunga hapa, siyo mtu mwingine. Tunakupa kipande cha mwisho. Maksai akivuka mpaka, huyo atabaki kwetu."

"Nimekubali," nilisema.

Jumatano nilirudi Kasoli, na Alhamisi tukawaswaga maksai. Mmoja alianguka baada ya Bariadi, hakuinuka tena. Saba walifika, nami, mzee wa rozari, nikakaa Migato wiki tano na fimbo ya kuchungia. Hakuna aliyevuka mpaka. Mbuke alikuja kila jioni kuwahesabu, akaondoka bila kupata la kunicheka.

Mvua ilishika baada ya Krismasi. Tulirudi na maksai saba wenye nguvu ya kuvuta plau, tukapanda mtama kwa kuwa wakati wa mahindi ulikuwa umepita. Kabla ya kupanda nilisimama mbele ya watu wote nikawaambia kwamba aliyekosea ni mimi, siyo mvua. Mwaka ule tulifunga malisho ya kwetu, upande wa migunga iliyobaki.

Namshukuru Mungu kwa wale saba, na kwa wazee walionipa kazi badala ya kunifukuza. Mvua naiomba kama zamani. Ila sichomi tena nyasi kwa kutegemea tarehe ambayo Yeye hakunipa.