Mlezi wa Mabinti wa Bey

Döne ndiye aliyewanyonyesha mabinti wote wawili wa Bey, mtawala wa Elbistan, Ayna na mdogo wake Gökçe, aliyefiwa na mama siku ya kuzaliwa.

Nchi ya Bey ilikuwa bonde la malisho na farasi, imebanwa katikati. Magharibi Waosmani, kusini Sultani wa Misri, na kila mmoja alitaka Bey awe wake. Bey alimwinamia huyu, akamtabasamia yule, akawagawia wote farasi. Mabinti walipokua, akakubali Ayna aolewe Bursa kwa Waosmani, na Gökçe aolewe Kairo.

"Mshika mbili moja humponyoka," Satı mpishi alinong'ona, akikoroga sufuria.

"Na mshika moja akinyang'anywa?" Döne alimjibu, ingawa yeye mwenyewe alikuwa amefura kwa hasira.

Bey akamwita hemani. "Dada, utafuatana na mmoja wao. Chagua wewe. Mimi nimeshachagua vya kutosha."

"Bey wangu, vita vitatokea upande gani?"

"Ningejua, ningemwoza mmoja tu, mwingine nikabaki naye."

Döne alikuwa amekuja na maneno makali. Alipomtazama usoni, akayameza.

Aliyekata shauri ni Ayna. "Nenda na Gökçe, mama. Mimi wakininyima chakula nitawagombeza mpaka wanipe. Huyu atasema ameshiba."

"Sisemi hivyo," alisema Gökçe.

"Juzi tu ulisema."

Wakacheka wote watatu, kisha wakalia.

Misafara yote miwili iliondoka asubuhi ile ile. Bey alitembea kwa miguu kando ya ngamia wa Gökçe mpaka kwenye kivuko cha mto, akambusu kipaji cha uso, halafu akarukia farasi na kumkimbiza kurudi nyuma, amuwahi Ayna kwenye njia ya Bursa.

Döne alizeekea Kairo, akilea watoto wa Gökçe kwa Kituruki cha kwao. Mara mbili jeshi lilikaribia lile bonde, mara mbili likageuka. Hakuna aliyejua kwa hakika kama liligeuka kwa ajili ya wakwe wa Bey.

Kisha wafanyabiashara wa farasi wakaleta habari: Bey amefia kitandani mwake, malisho bado ni ya watu wake. Döne akakaanga unga kwa siagi, akatia asali, akagawa halua mtaa mzima kwa ajili ya roho ya marehemu. Jirani akauliza amefiwa na nani.

"Baba wa wanangu," alisema, akamwongezea kipande.