Mlangamia Katika Lusini ya Bibi

Nilipokuwa mtoto wa darasa la tano pale Ipuli, sisi wasichana tulipima mapenzi kwa mlangamia, ule mmea wa nyuzi za njano unaotambaa juu ya michongoma. Unakata uzi, unataja jina la mvulana kimoyomoyo, unaurusha kwa nyuma juu ya majani mabichi bila kugeuka. Ukishika, anakupenda. Mimi, kwa imani yangu haba, nilirusha saba. Zote kwa Hamisi, na zote katika lusini ya bibi, yale majani aliyowapandia ng'ombe wake wawili wa maziwa.

Ulishika. Loo, ulishika! Baada ya wiki chache kitalu kilikuwa kama kimemwagiwa tambi. Nimependwa na wanaume kadhaa tangu hapo, kutoka Kigoma hadi Maskati, lakini hakuna aliyening'ang'ania namna ile.

Bibi alipouona alishika kiuno. "Nywele za jini hizi! Juzi Salma kasimama hapo hapo, 'Lusini yako imestawi!' Mashallah hakusema."

Bi Salma, jirani yetu, ndiye bibi yake Hamisi. Wawili hao walitwanga katika kinu kimoja tangu ujana wao. Bibi akakifungia kinu ndani. Salamu ikakatika.

Siku ya nne akaja bwana mifugo kumchoma ng'ombe sindano, bibi akamwonyesha.

"Si jini, bibi, ni mlangamia," alisema akivuta uzi mmoja. "Tazama: hauna jani, na chini hauna mzizi. Umejisokota kwenye shina la lusini, unanyonya. Huja na mbegu chafu, au mtu akitupa kipande." Akakipima kitalu kwa macho. "Huu umeanzia pale kwenye ua wa jirani."

"Kwa Salma!" Bibi akaanza kujaza ungo. "Leo namrudishia mlangoni kwake, watu wakiona!"

Nikaushika ungo. "Bibi, ni mimi."

"Wewe nini?"

"Niliyeurusha. Nilikuwa nampima... Hamisi."

Bwana mifugo ghafla akawa na kazi kubwa ya kukagua sikio la ng'ombe. Ng'ambo ya ua, kumbe mtu alikuwa anasikiliza, ikatoka sauti ya Bi Salma: "Hamisi wangu? Huyu anayevaa shati kinyume?"

Bibi alijikaza, akashindwa. Alicheka mpaka ungo ukamponyoka. "Salma ee, njoo umwone mkweo!" Akanigeukia. "Haya, mke mwenzangu, kamata mundu."

Tulikata lusini yote iliyoguswa, tukaichoma moto. Hamisi aliletwa kusaidia, amenuna.

Kisa hiki nimekisimulia mara nyingi, watu wakashika mbavu, na kila mara kuna sehemu nairuka. Siku zile nne nilimwona Bi Salma akipita na mahindi yake kichwani, akienda kuomba kinu mtaa wa pili. Nikamwamkia, akaniitikia vizuri tu. Bibi aliamini ni jini. Mimi nilijua, nikamwacha aamini.