Karani wa Mlangoni

Usiku wa kuamkia majibu sikupata hata lepe la usingizi, ndiyo maana asubuhi ile niliiona korido ya chuo cha sheria kama ndotoni, na ndani ya ndoto alikuwemo karani. Alipita kwa viatu visivyo na sauti, mwanga wa dirishani ukimfuata, akashika kitasa cha mlango wa kamati ya tuzo kwa vidole viwili kama anayepima joto la mtoto. Binti yangu alikuwa ameomba tuzo hiyo, ya fedha kwa wahitimu watakaowatetea mahabusu wasio na wakili. Asipoipata, ilikuwa aende kuandika mikataba ya kampuni, maana nyumbani tunamtegemea yeye.

"Mama, acha kumkodolea macho mzee wa watu," alininong'oneza.

Sikuacha, kwani nilikwisha kumsoma. Mwanafunzi akikosa, karani hutoka mwenyewe, huurudisha mlango nyuma yake taratibu kwa kiganja, kisha humwinamia na kumwambia kwa sauti ya chini, ili waliomo ndani wasiyaone machozi. Wawili walikuwa wameondoka hivyo. Aliyepata sikuwa nimemwona bado.

Kitasa kikazunguka. Karani akachungulia, akamtazama binti yangu, akatoa mguu mmoja nje. Nikaushika mkono wa binti yangu.

"Huyu ndiye mama mzazi?"

"Ndiye, mzee wangu, na hajalala."

"Basi leo atalala."

Akaurudisha mguu ndani, akauegemea mlango kwa mgongo ukabaki wazi, akatupisha sote wawili.