Saa Moja ya Shangazi

Shule niliiacha kidato cha pili. Baada ya kubeba mizigo Himo na kuvuna mpunga Chekereni, nilirudi Mwika na kompyuta chakavu niliyojifunzia mwenyewe. Shangazi, mwenyekiti wa kina mama wafugaji, akanipa kazi. Mtu akimwona ng'ombe wake yuko kwenye joto, atume ujumbe. Programu yangu iuweke kwenye kanzidata na kumpangia daktari wa mifugo muda wa kuja kumpandisha kwa mrija wa mbegu. Dalili zikionekana asubuhi, anakuja jioni ileile. Zikionekana jioni, anakuja kesho asubuhi. Akichelewa, ni kusubiri wiki tatu nyingine hadi joto lirudi.

Kubadili maneno ya watu kuwa muda, nilitumia maktaba, yaani kodi (maagizo ya kompyuta) zilizokwishaandikwa na wengine. Nikajisifu bure.

Siku moja, kabla ya mchana, shangazi akanipigia.

"Wewe fundi, daktari anasema amepangiwa kesho. Kesho aje kufanya nini?"

"Uliandikaje, shangazi?"

"Ng'ombe analia tangu saa moja. Waulize majirani kama hajawaamsha!"

Ng'ombe huyo alikuwa ameshakosa mimba mara mbili, na mume wa shangazi ameanza kumwita kitoweo.

Nikafungua kodi. Kumbe ile funksheni, kipande cha maktaba kinachobadilisha maneno, hairudishi muda mtupu. Inarudisha furushi la vitu vitatu: saa, kipindi cha siku, na alama inayoonyesha kama kipindi kimetajwa au kimekisiwa. Shangazi hakutaja asubuhi. Huku kwetu nani anataja? Mtu ameshika ndoo ya kukamulia, anakwambia saa moja, inatosha. Maktaba ikakisia jioni. Jioni ambayo hata haijafika! Na ilikiri wazi kwamba inakisia, ila kodi yangu ilichukua vitu viwili vya mwanzo na kukitupa cha tatu. Maelezo ya jambo hilo? Mstari mmoja, chini kabisa, baada ya kurasa za mambo yasiyomhusu mtu yeyote.

Nikampigia daktari. "Shikamoo, daktari. Ni leo jioni, siyo kesho."

"Marahaba. Sasa nikuamini wewe au hicho kidude chako?"

"Mwamini ng'ombe."

Akacheka, akaja na pikipiki, matope hadi magotini. Shangazi alishika kamba, mimi nikapewa mkia. "Kingine usiguse," shangazi akaniambia, "usije ukakipeleka kesho."

Nikarekebisha: alama ikionyesha kukisia, programu imuulize mtumaji. Kina mama wakanijia juu. Programu gani hii, kila siku inauliza kitu kilekile kama mlevi!

Wiki ya tatu ilipofika, shangazi alisimama bandani kila alfajiri, kanga imemfunika kichwa, akisikiliza kama ng'ombe atalia tena. Juma likapita. Ng'ombe alikuwa anatafuna majani ya migomba tu, kimya, na mzee wa nyumba akaacha kuulizia nyama.