Sarafu ya Mtu Mwenye Pembe

Mama alipoanza kuugua, baba alimnunulia koti la mitumba mnadani Ikungi. Ndani ya bitana mama alikuta sarafu ya njano yenye kichwa cha mwanamume mwenye pembe ya kondoo juu ya sikio. Akasema ni dhahabu ya mfalme wa kale, tukiiuza tutampeleka hospitali kubwa.

Baba alikuwa amechimba dhahabu Sekenke miaka mingi. Aliisugua sarafu kwenye jiwe lake jeusi la kupimia dhahabu, akautazama mstari ulioachwa, akaitia mfukoni. Kesho yake tukaenda naye kwa sonara, mzee wa Kihindi pale Singida mjini.

Sonara hakuisugua. Aliisoma. "Hii ni drakma ya Ugiriki. Sura ni ya mfalme wa kale, lakini hela yenyewe ni ya juzijuzi tu. Mwaka umeandikwa hapa. Hata kwao hupati nayo chakula cha mchana."

Njiani nilifoka. Mchimbaji mzima, anashindwaje kutambua shaba?

"Niliijua jana," baba alisema.

"Sasa tumefuata nini mjini?"

"Mama yako angeniuliza kama nimekwenda."

Tulimkuta mama mlangoni, amevaa koti lake juani. Akauliza sonara amesemaje.

"Amesema sura ni ya mfalme," baba alijibu. "Tusiiuze haraka."

Mama akanigeukia mimi, msomi wa nyumba. Nikaitikia kwa kichwa.