Tabo Yangu ya Kijapani

Mimi ni mwalimu wa fizikia, mwenyeji wa Moshi, na naungama kwamba hapa Newala nimetumia miezi mitatu kuchora kitu nisichokijua.

Magari ya mtumba yalipoanza kuingia kwa wingi, nilinunua moja la michezo, la milango miwili, bovu. Nikapanga kulifungia nyumbani injini yenye tabo, ile feni inayoisukumia injini hewa. Tabo niliipata mapema kwa muuza vyuma chakavu wa Masasi: ya mviringo kama konokono, nyepesi ajabu. Wepesi huo niliwaeleza walimu wenzangu kuwa ndio ufundi wa Kijapani. Nikaipima, nikaichora, hata kuota nikaiota.

Jumamosi niliwaita waione, pamoja na jirani yangu mkulima, Baba Halima.

"Shikamoo, Baba Halima. Tabo ndiyo hii."

"Marahaba, mwalimu."

Akaipindua, akaigonga kwa kiganja. Unga wa njano ukamwagikia mchoro wangu.

"Ukishamaliza kuichora," akasema kwa upole, "naomba uniazime. Feni ya mashine yangu ya kupulizia mikorosho unga wa salfa imekufa, na maua yameshaanza kutoka."