Kuku wa Mama Khainza

Wengi wenu hapa nyumbani mmeniuliza ilikuwaje nikampata kaka yangu Ochieng kule Uganda, miaka ile ya utawala wa wanajeshi. Kusimama mbele ya kanisa na kusimulia siwezi, nimejaribu mara mbili nikakaa chini. Kwa hiyo nimeandika.

Ochieng alikuwa dereva wa lori. Alitoka Jinja Jumatatu kwenda Mbale kuchukua pamba, akasema atarudi Jumatano. Zikapita wiki tatu. Dereva mwenzake akatuambia kwamba lori lile limeonekana, lakini anayeliendesha ni askari. Siku hiyo mama hakula. Kesho yake aliniita akaniambia, "Onyango, miguu yangu hainifikishi Mbale. Nenda ukaniletee kaka yako, au uniletee habari yake. Hata ikiwa mbaya, niletee."

Katekista wetu wa Mafubira, kando ya Jinja, aliniandikia barua ya kunitambulisha kwa mama mmoja mjane wa Namakwekwe, Mama Khainza, ambaye nyumbani kwake madereva Wakristo hulala wakifika Mbale. Niliikunja nikaitia mfuko wa shati.

Saa mbili asubuhi basi liliondoka Jinja. Tulipita Iganga, tukapita Bugiri, watu wote kimya kama wako kwenye matanga. Mimi nilikuwa na mwaka mmoja tu tangu nifike Uganda, lugha za huko sijui, kwa hiyo kimya kilinifaa.

Karibu na Tororo tulikuta kizuizi. Askari walikuwa wakimshusha kila mtu na kusoma kila karatasi. Nikakumbuka kwamba barua yangu ina jina la Ochieng na jina la mjane yule. Sikuwa na pa kuitupa. Nikaitia mdomoni, nikaanza kutafuna.

"Wewe nakula nini?" askari mmoja akaniuliza.

"Mkate, afande."

"Mkate!" Akawaita wenzake. "Huyu iko na mkate! Wewe napata wapi mkate? Bibi yangu natafuta mwezi mzima! Leta na sisi."

"Umeisha, afande," nikasema, nikameza. Wino ulikuwa mchungu sana. Walicheka, mmoja akanipiga kofi la kisogoni, nikarudi ndani ya basi. Mzee niliyekaa naye akaninong'oneza, "Kijana, siku nyingine sema muhogo."

Saa tisa alasiri nilifika Namakwekwe. Mlima Wanale ulikuwa umesimama juu ya mji na maporomoko yake ya maji meupe membamba. Nyumba ya Mama Khainza nilionyeshwa upesi, kila mtu anaijua. Alikuwa barazani anachambua maharagwe, mama mnene mwenye kitambaa cheupe kichwani. Pembeni alikaa shemeji yake, Masaba, mwanamume mrefu anayechonga mpini wa jembe.

Nilisalimu kwa Kiswahili. Masaba akaacha kuchonga. Nikauliza kwa sauti yangu ndogo, "Namtafuta dereva anaitwa Ochieng."

"Hapa hakuna," akasema Mama Khainza.

"Ni kaka yangu. Nilikuwa na barua ya katekista."

"Iko wapi?"

Nilishindwa kusema nimeila. Nikasema imepotea. Wakatazamana.

"Mtu kama huyo sisi hatumjui, mwanangu," akasema. Lakini hapohapo alinyanyuka, akaleta maji ya kunawa, akaniwekea kiti chenye mgongo, kile kimoja cha nyumba. "Jua linashuka. Utakula hapa, utalala hapa."

Nilikaa nikitazama miguu yangu. Kumbe Ochieng hakufika hata huku, nikawaza, na nikaanza kupanga maneno ya kumwambia mama. Nyuma ya nyumba kuku alipiga kelele mara moja. Masaba alikuwa akimwambia shemeji yake jambo kwa Kigisu, kwa ukali, naye anamjibu kwa upole.

Kabla giza halijaingia tulikaa ndani. Palikuwa na matoke, na malewa, yale machipukizi ya mianzi wanayoyakausha kwa moshi na kuyapika kwa karanga, na kuku. Firigisi, kipande cha heshima, ilikuwa juu ya sahani yangu.

"Nyumba hii mgeni ndiye anayeombea chakula," akasema Mama Khainza.

Mnanijua. Nilifumba macho, nikatafuta maneno. Nikamsikia Masaba anaguna, "Mkristo gani huyu?" Basi nikasema ile sala fupi ya chakula ambayo mama alitufundisha tukiwa wadogo, kwa Kijaluo, kwa sababu hiyo hainihitaji kufikiri.

"Amina," ikasema sauti nyuma ya pazia. Kisha ikasema, "Onyango! Ni wewe unamnong'oneza Mungu hivyo?"

Sahani ilinidondoka. Nyuma ya pazia, juu ya mkeka, alilala Ochieng, amekonda, mguu umefungwa kwa vijiti. Askari walimnyang'anya lori, wakampiga, wakamtupa kando ya barabara. Watu wa Mama Khainza walimwokota, na kwa wiki tatu mama huyo alikuwa amemficha na kumlisha. Nilimshika mkono nikalia, na Mama Khainza akalia, halafu akaanza kucheka.

"Kijana anakuja, anasema Kiswahili kama askari wa kambini, hatazami mtu machoni, anauliza Ochieng! Tulijua wewe ni wa wale wanaokamata watu."

"Mimi nilisema usipewe firigisi," akasema Masaba.

"Lakini mama," nikauliza, "kama mlidhani hivyo, kuku wa nini?"

"Mgeni akiingia mlango huu, kwanza ni wa Yesu. Hayo mengine tutajua baadaye." Akanirudishia firigisi sahanini. "Na kama ungetukamata, ungetukamata umeshiba."

Siku ya nne tulipanda treni kukwepa vizuizi vya barabarani, Ochieng akaunyosha mguu wake juu ya benchi mpaka Jinja. Mama alipotuona njiani hakupiga kelele. Alikuja polepole na miguu yake mibovu, akamgusa Ochieng uso, masikio, mabega, kama anayechagua kitambaa, kisha akakaa chini palepale vumbini akasema, "Sasa nipeni chakula."

Wiki mbili baadaye mwanajeshi alisimama mlangoni kwetu, bunduki begani, akaomba maji. Ochieng alikuwa chumbani. Zamani ningesema hakuna watu, au ningekimbia. Niliyojifunza Namakwekwe hayakuniondolea woga, napenda mlijue hilo. Nilimletea maji. Nusu yakamwagika njiani. Kisha nikarudi ndani, nikamletea na kiti.